IST imezima Mikese, stata inapiga "tk" tu. Imenoki kweli au napigwa?

#1 kijana wa kihonda
Wakuu habari za jioni. Nina Toyota IST old model, namba D, ndiyo inayonipeleka kazini na ndiyo inayobeba familia. Jumamosi shemeji yangu aliazima kwenda msibani Dar, wakati wa kurudi Moro ikamzimikia Mikese, karibu kabisa kufika. Anavyosimulia, ile taa nyekundu ya kibirika, ya oili, ikawa inawaka inazima hasa akipanda mlima, akapuuza kwa sababu gari ilikuwa imetoka sevisi Alhamisi tu. Mara akasikia ngo ngo ngo kama mtu anagonga mlango, gari ikakosa nguvu, ikazima yenyewe ikiwa kwenye mwendo. Akiwasha inapiga "tk" moja, taa za dashbodi zinafifia, basi.

Fundi wa pale barabarani kamwambia imenoki, yaani injini imeshikana ndani haizunguki tena, atafute injini nyingine. Tumeivuta mpaka home. Fundi wangu wa hapa Moro anasema tusikimbilie, inaweza kuwa stata. Na kuna mtu wa tatu ana injini ya mtumba kutoka Japani anaitaja milioni 1.6, anataka advansi kesho asubuhi. Nimekaa naitazama gari kama mgonjwa. Nifanyeje?

#2 nyundo kavu
Pole. Imenoki hiyo, kanunue nyingine. Uzi ufungwe.

#3 mama Raum
Usitufungie uzi @nyundo kavu. Mimi mwaka juzi niliambiwa hivyo hivyo, "mama injini imekufa hii, tafuta milioni mbili", nikalia kabisa. Kaka yangu akaja na spana mbili akautoa ule mkanda wa nje unaozungusha altaneta, AC na wota pampu, akapiga stata, Raum ikawaka pale pale. Kumbe altaneta ndiyo ilijam, imeshikilia mkanda na mkanda umeshikilia injini. Altaneta ya mtumba nikaweka, mpaka leo natembelea. Yule fundi wa milioni mbili nikikutana naye barabarani huwa namsalimia vizuri tu ila anajua.

#4 spana 19
Mama Raum kagusa penyewe. Kijana usitoe hela ya mtu kabla hujafanya haya, mengi unafanya hapo hapo uani. Anza na betri, taa kufifia inaweza kuwa betri imechoka au terminali imelegea, busti na gari nyingine uone. Halafu toa huo mkanda. Kisha weka gia N, fungua tairi la mbele upande wa dereva, toa ile plastiki ya ndani utaona puli ya krenki, ile shafti kuu ya injini, na bolti yake katikati, kwa injini hizi za 1NZ ni boksi 19. Zungusha taratibu kwa mwelekeo wa saa. Injini isiyo mbovu inazunguka kwa mkono, utasikia ugumu wa kompresheni unakuja na kuachia. Ikienda mizunguko miwili kamili bila kugota basi haijanoki, rudi kwenye stata. Ikigoma toa plagi zote nne ujaribu tena. Na usiwe na hasira, ukivalisha bomba la mita mbili utakata bolti, hapo utakuwa na magonjwa mawili.

#5 fiti ya mtoto
Injini zote zinazungushwa mwelekeo wa saa? Nauliza tu mimi sina tatizo.

#6 spana 19
Karibu zote. Honda za zamani zile za D na B zinakwenda kinyume. Fit yako inakwenda mwelekeo wa saa kama nyingine.

#7 mzamiaji
Kuna mvua ilinyesha njiani? Nauliza kwa sababu mimi ya kwangu ilifia Jangwani, yale maji ya Msimbazi yanavyojaa barabarani. Niliona daladala inapita nami nikafuata, IST si daladala jamani. Injini ikavuta maji kupitia kisafisha hewa, ikazima papo hapo, stata ikawa "tk" kama yako. Maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikipanda inakuta ukuta. Plagi zilipotolewa na stata ikapigwa maji yaliruka mpaka kwenye shati la fundi, tukacheka, halafu hatukucheka tena maana konrodi moja, ule mkono wa pistoni, ilikuwa imepinda. Kwa hiyo ukitoa plagi simama pembeni.

#8 kijana wa kihonda
Hakukuwa na mvua, jua kali. Ahsanteni, kesho asubuhi naanza na betri.

#9 dereva mstaafu
Shemeji aliona taa ya kibirika akaendelea kuendesha. Pale ndipo injini ilipokufa, mengine ni mapambo. Ile taa inakwambia oili imepungua, unasimama unaongeza unaendelea.

#10 lita tatu nukta saba
Mzee @dereva mstaafu shikamoo, ila hapo naomba nikusahihishe kidogo. Ile taa kwenye gari hizi haipimi oili ni kiasi gani, inapima presha. Ikiwaka maana yake oili haisukumwi ya kutosha kwenda kwenye beringi SASA HIVI. Unaweza kuwa na oili imejaa na taa ikawaka kwa sababu oili pampu imekufa au ile chujio ya kunyonyea imezibwa na tope. Kwa hiyo husimami kuongeza na kuendelea, unazima injini pale pale kwanza, hata kama uko katikati ya mlima unaegesha pembeni. Ikianza kuwakawaka kwenye mlima au kona, mara nyingi oili imebaki kidogo, inakimbilia upande mmoja na pampu inanyonya hewa.

#11 dereva mstaafu
Marahaba. Sawa, nimeendesha lori miaka 31 na leo nimejifunza. Lakini kosa bado ni la shemeji.

#12 probox wa nakuru
Salamu kutoka Kenya. Kitu mmesahau kuuliza: hiyo sevisi ya Alhamisi nani alifanya? Mimi Probox yangu ni hiyo hiyo 1NZ. Makanika alibadilisha oil filta, ile ya zamani ikatoka lakini ule mpira wake ukabaki umeshika kwa injini, akafunga filta mpya juu yake. Mipira miwili. Haivuji ukiwa umesimama, inangoja uende kwa barabara kubwa presha ipande, halafu inatema oili yote kwa dakika chache. Mimi niliponea sababu gari iliyokuwa nyuma yangu ilinipigia honi, kioo chake kimejaa oili. Angalia chini ya injini yako kama kumelowa.

#13 spana 19
Hii ya mipira miwili nimeiona kwa macho yangu mara tatu. Nyingine ni bolti ya kumwagia oili haikukazwa. Ukiona gari imetoka sevisi wiki hii na imekufa wiki hii, mshukiwa wa kwanza ni sevisi.

#14 nyundo kavu
Au oili feki. Siku hizi galoni ni mpya, kifuniko kina sili, ndani ni oili chafu imechujwa. Mimi nasema oili feki. Na bado nasema imenoki.

#15 kijana wa kihonda
Wakuu nimerudi, mikono myeusi. Betri nzima, tumebusti pia, "tk". Mkanda tumetoa, "tk". @mama Raum nilikuwa nakuombea uwe sahihi. Plagi zimetoka kavu, hakuna maji. Krenki kwa boksi 19 inaenda kama robo hivi, ngumu kama inasaga mchanga, halafu inasimama. Kurudi nyuma inarudi kidogo nayo inasimama. Chini ya injini pamelowa oili ila hata zamani palikuwa panalowa lowa.

Kijiti cha oili nimevuta iko mpaka F, safi kabisa rangi ya asali. Kwa hiyo oili ipo. Hapo ndipo nimechanganyikiwa.

#16 lita tatu nukta saba
Subiri kwanza. Oili mpya ya Alhamisi imeenda Dar na kurudi na bado ni rangi ya asali? Kuna mtu aliongeza baada ya gari kuzima?

#17 kijana wa kihonda
Nimempigia shemeji. Eeeh, fundi wa Mikese alimiminia oili "ili kulainisha" wakajaribu kuwasha. Anasema kama lita 3.

#18 lita tatu nukta saba
Basi ushahidi umemwagiwa oili. Ila hesabu bado ipo: 1NZ inabeba lita 3.7 ukibadilisha na filta. Kama lita 3 ndizo zimeifikisha F, injini ilikuwa imebaki na 0.7 hivi, chini ya soda mbili kubwa, na wanapanda nayo milima. Hakuna beringi ya kuvumilia hilo.

#19 fiti ya mtoto
Soda kubwa ni nusu lita au lita? Maana huku zimebadilika badilika.

#20 mzamiaji
😂😂 huyu naye

#21 jirani wa chalinze
@lita tatu nukta saba hesabu nzuri lakini una uhakika ilikuwa lita 3? Watu wa barabarani wanauza galoni ya 4 wanamimina nusu, nyingine inakuwa ya wateja wengine. Na gari ilisimama kwenye mteremko, kijiti hakisemi kweli. Mimi naona ilichemsha. Krenki kuzunguka robo ikiwa imepoa ni dalili ya pistoni zilizovimba kwa joto zikakwaruza silinda. Muulize shemeji rejeta ilikuwa na maji?

#22 kijana wa kihonda
Rejeta ina maji, nimefungua leo. Lakini sijui kama nayo aliiongeza huyo huyo fundi. Na taa ya hiti shemeji anasema haikuwaka.

#23 jirani wa chalinze
Kutowaka haithibitishi kitu. Maji yakiisha kabisa, kile kihisio kinabaki kwenye hewa badala ya maji, kinasoma uongo. Gari inachemka kimya kimya na dashbodi inatulia kama hakuna kitu.

#24 spana 19
Hiyo ni kweli kabisa, lakini ngo ngo ngo kabla ya kuzima ni sauti ya beringi ya konrodi, ya kuchemsha huwa haigongi hivyo, inakata nguvu na kunukia. Kijana, kuna sampu mbili kwenye hiyo injini, ya juu ya aluminiamu na ya chini ni kibati tu. Kibati kinatoka bila kushusha injini. Mwaga oili kwenye beseni safi, itazame juani, ukiona inametameta kama rangi ya kucha za wadada basi beringi zimeliwa. Na filta usiitupe!! Ikate uone ndani, na uangalie mpira ni mmoja au miwili.

#25 mpemba wa darajani
Asalaam alaykum. Nisiwakatishe, lakini injini kugoma kuzunguka si lazima iwe maiti. Ami yangu alisafiri akaiacha Corolla yake miaka minne chini ya mwembe, hewa ya chumvi unaijua. Kurudi haizunguki hata chembe. Mzee mmoja akatoa plagi, akatia dizeli iliyochanganywa na hidroliki ya gia katika kila tundu, akasema iacheni, kila baada ya sala mje mjaribu kidogo. Siku ya tano ikaachia. Ilikuwa kutu ya ringi tu. Ilitoa moshi Mji Mkongwe mzima wakajua ami karudi.

#26 spana 19
Waalaykum salaam. Hiyo ni dawa ya gari iliyolala. Ya kijana imekufa inakimbia, dizeli haitarudisha beringi. Ila hadithi tamu.

#27 fundi wa meza
Mimi namshauri asinunue mtumba, afanye ovaholi, yaani aifungue hiyo hiyo aitengeneze upya. Injini ya mtumba ni bahati nasibu, hujui Japani ilikimbia kilomita ngapi, na kuna nyingine hazijatoka Japani, zimetoka kwenye ajali ya hapa hapa zikapigwa rangi ya fedha. Ya kwako unaijua. Peleka krenki ikasagwe, weka beringi nene za kuendana nayo, ringi mpya, gasketi, umemaliza.

#28 spana 19
@fundi wa meza kwa injini za zamani za bloku la chuma nakuunga mkono. 1NZ bloku ni aluminiamu na silinda zina slivu nyembamba ya chuma, haikutengenezwa iboliwe kutanua silinda. Kama silinda zimekwaruzwa unaanza kutafuta pistoni za kubahatisha.

#29 fundi wa meza
Pistoni za ovasaizi, kubwa kidogo, zipo Gerezani kule Dar, nimenunua kwa mkono wangu. Tatizo lenu mafundi wa siku hizi mnajua kutoa na kuweka tu.

#30 spana 19
Kuuzwa Gerezani si ushahidi kwamba zinadumu. Hiyo uliyofunga bado inatembea?

#31 fundi wa meza
Mteja alihama.

#32 nyundo kavu
😂😂😂 alihama na gari au alihamia kwenye bodaboda

#33 mama Raum
Mnapigana na mtu ana gari mawe chini ya matairi. Msaidieni hesabu. Injini ya mtumba, ufundi, oili, kulanti, mauntingi, na vile vitu ambavyo fundi huvikumbuka gari ikishafunguliwa. Akijumlisha anafika wapi, na gari yenyewe akiiuza mbovu atapata ngapi?

#34 jirani wa chalinze
Mimi niliuza yangu mbovu. Wanunuzi wote wanakuja na sura ya msibani, wanakupa bei ya bati. Ukiwa na bodi nzima na gia boksi nzima, weka injini ndipo uuze kama unataka kuuza.

#35 kijana wa kihonda
Wakuu kibati kimefunguliwa. Oili imemetameta kama alivyosema @spana 19, na kuna vipande vyembamba kama maganda ya vitunguu. Konrodi ya tatu imebadilika rangi ya bluu, beringi yake imejizungusha na kupanda juu ya nyingine. Kwa hiyo @nyundo kavu ulikuwa sahihi, usiniandikie kitu.

Filta: niliikimbilia, fundi wangu alishaifungua jana jioni akaiweka kwenye ndoo ya taka na zile nyingine. Zipo filta sita kwenye ndoo. Mpira mmoja umelala chini ya ndoo peke yake, hatujui ni wa nani.

#36 nyundo kavu
Siandiki kitu.

#37 probox wa nakuru
Mpira mmoja peke yake chini ya ndoo! Wakili wangu hana swali lingine.

#38 lita tatu nukta saba
Oili iliisha. Kwa njia gani sijui, lakini iliisha.

#39 jirani wa chalinze
Ingechemka pia oili ingekuwa nyepesi kama maji na beringi ingekufa hivyo hivyo. Sijashindwa.

#40 spana 19
Beringi kujizungusha maana yake hata nyumba yake kwenye konrodi imeharibika na krenki imekwaruzwa, hapo ovaholi ni krenki nyingine, konrodi nyingine na kuombea silinda. Mimi ningeweka mtumba. Ila kabla ya kulipa angalia kwanza kwenye kile kibati cha modeli cha chini ya boneti gari yako ni ipi.

#41 dereva mstaafu
IST zote si ni 1NZ?

#42 spana 19
Hapana mzee. NCP60 ni ya cc 1300 na injini yake ni 2NZ. NCP61 ni 1NZ ya 1500, NCP65 ni 1NZ pia ila ya kuvuta tairi nne na hapo mambo ya chini hayafanani. Usinunue kwa kusikia jina la gari.

#43 kijana wa kihonda
Yangu NCP61. Yule wa 1.6 anasema yake imetoka kwenye Allion, inaingia?

#44 spana 19
1NZ iliwekwa kwenye Allion, Probox, Raum, Platz, Spacio, Fielder na wengine, bloku ni moja. Angalia throto, ule mlango wa hewa ya injini: kuna zenye waya wa kuvutwa na pedeli na kuna za umeme. Ukichanganya itabidi ubadilishe throto na menifoldi za yako ya zamani au ununue na kontrol boksi na waya zake, na hapo fundi wa umeme anakuja na bei yake. Chukua inayofanana na yako hata ukiongeza laki.

Na pale dukani zungusha krenki kwa mkono kabla hujaongea bei. Fungua kifuniko cha oili uchungulie, ikiwa na tope jeusi kama masizi ya sufuria iache. Toa plagi uzitazame, chungulia njia za maji kama zina kutu. Ukiona imepakwa rangi mpya ya fedha uliza inaficha nini. Uliza pia ni kavu au inakuja na altaneta, stata na kompresa, maana 1.6 ya kavu na 1.6 ya kamili ni bei mbili tofauti. Kabla ya kuipandisha weka sili ya nyuma ya krenki mpya na wota pampu, ukiacha utashusha injini tena kwa sababu ya kimpira.

#45 mama Raum
Na risiti iandikwe namba ya injini na siku za kuirudisha. Namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari, ukibadilisha injini unatakiwa ubadilishe na taarifa TRA, usije ukauza gari baadaye mnunuzi akakuta kadi inasema kingine.

#46 probox wa nakuru
Huku kwetu pia, NTSA, mamlaka yetu ya usafiri, wanataka ripoti ya kubadilisha injini na ukaguzi. Mimi niliahirisha miezi saba, siku ya kuuza ndio niliona moto.

#47 shem wa kihonda
Habari zenu. Nimejiunga leo kwa sababu nimetumiwa huu uzi na watu wanne. Mimi ndiye shemeji. Naomba niseme upande wangu. Taa haikuwaka Mikese, ilianza kuwaka Chalinze. Nilisimama, nikafungua boneti, nikatazama, sikuona moto wala moshi, nikafunga. Oili ya Mikese aliimimina fundi, mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe, kusema kweli sikuhesabu lita. Na maji pia aliongeza.

#48 lita tatu nukta saba
Kutoka Chalinze!!!

#49 jirani wa chalinze
"Na maji pia aliongeza." Nawaachia hapo.

#50 dereva mstaafu
Alitazama hakuona moto akafunga. Mwanangu.

#51 kijana wa kihonda
Nimepata nyingine kwa 1.45, kamili na altaneta na stata, throto inafanana, tumeizungusha dukani mizunguko mitano. Yule wa 1.6 alikataa tusiguse bolti, nikamwacha. Injini ya zamani imelala uani chini ya turubai, fundi anataka hedi yake na mke wangu anataka iondoke. Sevisi ya Alhamisi nimewapigia, wanasema wao walikaza. Jumatano tunapandisha. Ahsanteni sana.

#52 shem wa kihonda
Shem nafurahi imepatikana. Nilitaka tu kuuliza, arobaini ya marehemu ni mwisho wa mwezi ujao. Hiyo mpya itakuwa imeshazoea barabara?